Kiti Kitupu

Baba aliuchonga uso wa Askofu kinyume.
Ndivyo kazi ilivyo: ili atazame kulia kwenye fedha
sharti atazame kushoto kwenye chuma,
na pua ichimbwe shimo ili itoke kilima.
Mimi nilimshikia mshumaa, miaka yangu saba.
Herufi zangu za kwanza nilizisoma humo,
kutoka mwisho kuja mwanzo,
hata mwalimu wa katekisimu akanichapa viganja
akidhani namdhihaki Mungu.

Askofu Emmeram hakuitaka chunjua yake.
Alimtuma karani, karani akamtuma Lorenz Dümmler,
mkuu wa kiwanda cha sarafu,
naye akasimama mlangoni petu, theluji mabegani:
"Veit, chunjua iondoke.
Na kidevu kimoja kati ya viwili."
Baba akaondoa.
Upande wa pili, fimbo ya mchungaji ilipishana na upanga,
maana bwana wetu alikuwa na kondoo
na alikuwa pia na mti wa kunyongea,
nasi wa Altenwerd tuliamka kila siku
bila kujua leo tu kundi au tu washtakiwa.

Kisha vita.
Askari wanataka ujira, kasri linataka madirisha mapya.
Usiku Dümmler akawa anapima upya:
shaba kiganja kizima, fedha ukucha.
Sarafu zikachemshwa kwa chumvi na machicha ya mvinyo,
zikatoka nyeupe kama meno ya mtoto.
Hazikufika Pentekoste.
Fedha ilikwisha ondoka kwenye fedha,
na shavu la Askofu, pale vidole vinaposugua zaidi,
likaiva jekundu.
Apollonia Kretz, mwokaji, aliidondosha mezani, akatega sikio.
Haikulia. Ilikohoa.
"Kamwambie baba yako
mlevi huyu simtaki dukani kwangu."

Nikamwambia. Alicheka, kisha hakucheka.
Kila Jumamosi alilipwa kwa nyuso hizohizo,
arobaini, alizozichonga mwenyewe,
zisizo na chunjua.
Mama alipokufa, mchimba kaburi
alizikataa zote arobaini
akamchukua bata bukini.

Askofu naye alikufa, mkesha wa Mtakatifu Martino,
na mpaka achaguliwe mwingine hapakuwa na uso wa kuchonga.
"Chonga kiti," walisema makanoni,
"kiti kitupu, chenye simba wawili,
na mara hii fedha iwe fedha,
dunia isije ikasema nyumba hii haina mwenyewe."

Baba hakwenda kanisani kukitazama kiti cha enzi.
Siku kumi na moja alikaa jikoni
akitazamana na kiti cha mama.
Simba aliwatia, kama walivyotaka,
na mto, na shada za kitambaa.
Lakini mguu wa nyuma, upande wa kushoto,
yaani kulia kwenye chuma,
aliufunga kamba,
mizunguko mitatu na fundo,
kama alivyoufunga yeye mwaka ule mimi nilipozaliwa.
Makanoni waliokuja kukagua walikuwa wanane.
Walihesabu simba.

Apollonia aliidondosha mezani.
Ililia mpaka paka akaamka.
Mkono mtupu haulambwi, tunajua,
lakini kiti kitupu kilininunulia mikate mitatu
na chenji.

Askofu mpya alikuja Pasaka, pamoja na pua yake.
Viti vyote vikaitwa kiwandani, vikayeyushwa.
Kimoja kilibaki kwenye pindo la sketi yangu
na sikukiungama.
Baba sasa haoni. Humpa kiganjani,
naye hukipapasa kwa ukucha akitafuta fundo,
akilipata hunyamaza.

Chumvi inapoisha nyumbani
nakitoa pindoni, naenda nacho mpaka kaunta,
nakitazama,
narudi bila chumvi.